Mraba, Duara na Kombo: Maneno ya Maumbo na Tatizo la Aina za Maneno katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno yanayotaja maumbo katika Kiswahili Sanifu, kama vile "duara", "mraba", "mviringo", "pembetatu", "wima", "sambamba" na "-nyoofu", na namna yanavyojitokeza katika aina mbalimbali za maneno. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno mengi ambayo kwa mazoea huitwa vivumishi vya umbo ni nomino, na kwamba kazi ya kuvumisha huipata kutokana na muundo yanamotumika. Kigezo kikuu kinachotumika ni upatanisho wa kisarufi, kikisaidiwa na wingi, ukadirifu wa sifa na mabadiliko ya maana. Inaoneshwa pia kuwa kigezo hicho kina mipaka yake, na kwamba yapo maneno machache ambayo yamekwisha kuvuka kutoka aina moja kwenda nyingine.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayetakiwa kubainisha aina za maneno katika sentensi "Meza duara imevunjika" hukabiliwa na tatizo lisilotokana na uzembe wake. Akijibu kuwa "duara" ni kivumishi, ana sababu: neno hilo linaeleza meza ni ya namna gani. Akijibu kuwa ni nomino, ana sababu vilevile: duara huchorwa, lina kipenyo, na wingi wake ni maduara. Msahihishaji mmoja humpa alama na mwingine humnyima, na kila mmoja ana kitabu cha sarufi cha kumuunga mkono.

Chanzo cha mgongano huo ni kuchanganywa kwa maswali mawili. La kwanza ni neno ni la aina gani kwa umbo lake, yaani linabeba viambishi vipi na linatawala upatanisho gani. La pili ni neno linafanya kazi gani katika kirai. Maneno ya maumbo ndiyo yanayoonesha kwa uwazi zaidi kwamba majibu ya maswali hayo hayalazimiki kulingana. Si ajabu, kwa kuwa neno "umbo" lenyewe limetokana na kitenzi "umba", na wanaisimu wamelichukua kuitia jina taaluma inayochunguza muundo wa neno, sarufi maumbo.

Tatizo hili haliishii katika chumba cha mtihani. Mtunzi wa kamusi lazima aandike kifupisho kimoja au zaidi mbele ya kidahizo: nm, kv, kl au kt. Anayeandaa kopasi yenye alama za kisarufi, kama ile ya Helsinki, analazimika kuiambia programu neno hilo liingizwe wapi. Mwandishi wa kitabu cha Hisabati anatakiwa kuamua iwapo wingi wa "mche duara" ni "miche duara" au "miche maduara". Kote huko, uamuzi unaoegemea tafsiri ya neno la Kiingereza badala ya mwenendo wa neno la Kiswahili huzaa makosa.

2.0 Vivumishi vinavyobeba viambishi vya ngeli

Kivumishi cha sifa katika Kiswahili hutambulika kwa urahisi pale kinapochukua kiambishi awali cha nomino kinayoivumisha.

(1) a. mti mrefu, miti mirefu
b. kisu kirefu, visu virefu
c. jina refu, majina marefu
d. kamba ndefu

Mizizi inayofuata mwenendo huu na inayohusu sura ya kitu ni michache: "-refu", "-fupi", "-pana", "-embamba", "-nene". Yote ni ya vipimo, si ya umbo kwa maana finyu. Kitu kirefu kinaweza kuwa na pembe au kisiwe nazo, kinaweza kuwa cha mviringo au bapa. Mzizi unaohusu umbo lenyewe, na unaobeba viambishi vya ngeli bila kusitasita, ni "-nyoofu": mstari mnyoofu, mistari minyoofu, kijiti kinyoofu. Hata huo umetokana na kitenzi "nyooka" kwa kiambishi tamati "-fu", kama "-pungufu" ilivyotokana na "pungua" na "-kunjufu" ilivyotokana na "kunjua".

Uchache huu unakubaliana na yaliyokwisha kuelezwa katika isimu linganishi. Dixon (1982) alipanga maana za vivumishi katika makundi saba: vipimo, umri, thamani, rangi, sifa za kimaumbile, tabia za binadamu na mwendo. Alionesha kuwa lugha yenye vivumishi vichache huvitumia kwanza kwa vipimo, umri, thamani na rangi. Umbo halikupewa kundi la pekee katika orodha hiyo. Kiswahili kinafuata mkondo huo. Mfano wa rangi unasaidia kuelewa hali ya maumbo: ni rangi tatu tu zenye mizizi ya kivumishi, "-eusi", "-eupe" na "-ekundu". Nyingine hupatikana kwa nomino na kiunganifu "-a", kama katika "shati la kijani" na "maua ya zambarau". Msemaji haoni upungufu wowote katika kusema "la kijani", na kadhalika haoni upungufu katika kusema "cha mraba". Upungufu huonekana kwa anayetafuta neno moja la kulinganisha na neno moja la lugha nyingine.

Vivumishi hivi vichache navyo havikai mahali pamoja. Kutokana na "-refu" hupatikana "urefu", "refuka" na "refusha". Kutokana na "-fupi" hupatikana "ufupi", "fupisha" na "kwa kifupi". Kutokana na "-pana" hupatikana "upana", "panua" na "panuka". Usemi "kwa mapana na marefu" unatumia vivumishi hivyo vikiwa na kiambishi cha ngeli ya 6, pasipo nomino yoyote ya kuvumishwa, na usemi mzima ni kielezi. Si kila mzizi una bahati hiyo. "-embamba" ina nomino "wembamba" lakini haina kitenzi kilichozoeleka. Mtu aliyepungua mwili huambiwa amekonda, na ubao uliopunguzwa unene huelezwa kwa kitenzi kingine kabisa.

3.0 Fumbo la kiambishi m-

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatokana na "mraba", "mstatili" na "mviringo". Yote huanza na "m-", na "m-" hiyo hufanana na ile ya "mrefu". Anayekutana na "mlango mviringo" au "mkeka mraba" anaweza kudhani kuwa ameona kivumishi kilichopatana na nomino ya ngeli ya 3. Kipimo cha haki ni kuliondoa neno katika ngeli hiyo na kulipeleka mahali ambapo kiambishi kitalazimika kubadilika.

(2) a. chumba kirefu, vyumba virefu
b. chumba cha mraba, vyumba vya mraba
c. *chumba kiraba, *vyumba viraba

Mfano wa (2c) haukubaliki. "M-" ya "mraba" imeng'ang'ania neno lake, na ikiondolewa kinachobaki ni "raba", ambayo kwa Mswahili ni kifutio au kiatu. Kwa upande mwingine, kiambishi hicho hubadilika pale neno lenyewe linapoingia katika wingi: mraba mmoja, miraba minne. Usemi "mtu wa miraba minne", unaotumika kumtaja mtu aliyejengeka mwili, unathibitisha jambo hilo. Neno lina wingi wake na linailazimisha "-nne" ichukue "mi-". Linalotawala upatanisho namna hiyo ni nomino.

Historia ya maneno haya inafunza jambo. "Mraba" limetoka katika Kiarabu murabba', lenye mzizi mmoja na neno la nne, na "mstatili" limetoka katika mustatil, lenye mzizi unaohusu urefu. Katika Kiarabu yote mawili ni ya muundo wa sifa itokanayo na kitenzi, na huweza kutumika kama sifa au kama jina la umbo. Kiswahili kiliichukua silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya m-/mi-, kikaunda miraba na mistatili.

Maelezo hayo ya kifonolojia hayatoshi, ingawa mara nyingi mjadala huishia hapo. "Muhimu" nalo lina asili ya Kiarabu, nalo huanza na silabi hiyohiyo, na asili yake ni muundo wa namna hiyohiyo. Hata hivyo hakuna anayesema *mihimu. Husemwa mambo muhimu, kitu muhimu, watu muhimu, na neno halibadiliki. Limebaki kivumishi kisichobeba kiambishi, pamoja na "safi", "rahisi", "laini" na "dhaifu". Tofauti kati ya "muhimu" na "mraba" haimo katika sauti, imo katika kinachotajwa. Umuhimu hauchorwi wala hauhesabiwi. Mraba huchorwa ubaoni, huhesabiwa, hupimwa pande zake, na mtu anaweza kuuonesha kwa kidole na kusema "huu". Kiswahili kimelipokea neno la umbo kama jina la kitu, na kimelipokea neno la sifa isiyoshikika kama sifa.

"Mviringo" linahitaji uangalifu zaidi kwa sababu asili yake ni ya Kibantu na lina ndugu wengi: "viringa", "viringana", "viringika", "viringisha". Sentensi "Dunia ni mviringo" haiwezi kutumika kama ushahidi wa upande wowote. "Dunia" ni nomino ya ngeli ya 9, na nazali ya ngeli hiyo mbele ya /v/ huonekana kama "m", kama ilivyo katika "mvua". Kwa hiyo anayetaka kuona kivumishi ataona kivumishi, na anayetaka kuona nomino ataona nomino. Ushahidi upo katika "vitu vya mviringo", "mawe ya mviringo" na "kioo cha mviringo". Matumizi ya mzizi "-viringo" pamoja na viambishi vya ngeli, kama "kitu kiviringo", ni nadra katika matini za sasa. Mahali yanapopatikana, yahesabiwe kuwa ni kivumishi. Lakini hayatoshi kuligeuza "mviringo" la matumizi ya kawaida.

4.0 Umbo kama hali: nafasi ya vitenzi

Sehemu kubwa ya kazi ambayo katika lugha nyingine hufanywa na vivumishi vya umbo, katika Kiswahili hufanywa na vitenzi vya hali vyenye kiambishi "-me-" au virejeshi vyake.

(3) a. Fimbo imepinda.
b. Sufuria limebonyea upande mmoja.
c. Kifua chake kimebenuka.
d. kilima kilichochongoka
e. karatasi iliyokunjamana

Hakuna kivumishi cha sifa cha kawaida kinachoweza kuchukua nafasi ya "iliyopinda" katika "fimbo iliyopinda". Jambo hili lina mantiki yake. Kitenzi hubeba habari ambayo nomino ya umbo haina: kwamba kitu kimefikia hali hiyo. Sufuria lililobonyea lilikuwa zima kabla ya kugongwa. Mraba haukuwahi kuwa kitu kingine. Kwa hiyo mgawanyo kati ya "-a mraba" na "iliyopinda" haukutokea kwa nasibu. Kiswahili hutenganisha umbo ambalo ni asili ya kitu au mpango wa aliyekitengeneza, na umbo ambalo ni tokeo. Mgawanyo huu hauna makali kama ya wembe, kwa maana mlima uliochongoka haukuchongwa na mtu, lakini msemaji anauona kana kwamba kuna mkono uliopita hapo.

Kipimo cha ukadirifu kinatoa picha hiyohiyo. Vitenzi vya hali na vivumishi halisi hukubali viwango: "fimbo hii imepinda sana", "imepinda kuliko ile", "mstari huu ni mnyoofu zaidi". Nomino za maumbo hukataa: "*chumba hiki ni mraba kuliko kile" husikika kama mzaha. Anayetaka kulinganisha hulazimika kusema chumba kinakaribia umbo la mraba, na hapo nomino inarudi mahali pake.

Familia ya "pinda" inaonesha jinsi mzizi mmoja wa kitenzi unavyoweza kuzaa majina ya vitu kwa sura zao: "upinde" wa mshale na wa mvua, "pindo" la nguo. Hapa mwelekeo ni kutoka kitenzi kwenda nomino. Kwa "duara", ambalo asili yake ni Kiarabu, mwelekeo huo haupo: hakuna kitenzi *duara kilicho hai katika usemi wa kawaida, na panapohitajika tendo hutumika "zunguka", "zingira" au "viringisha".

5.0 Kutoka kiunganifu -a hadi nomino mbili zilizoandamana

Njia ya kawaida ya nomino ya umbo kuvumisha ni kiunganifu "-a": meza ya duara, nyumba ya msonge, kofia ya pembetatu, sahani ya mviringo. Sarufi za shule huiita "ya duara" kivumishi cha a-unganifu, na jina hilo halina ubaya iwapo litaeleweka kuwa ni la kirai kizima. Kosa hutokea pale jina la kirai linapohamishiwa kwenye neno moja na "duara" likaandikwa kivumishi. Anayefanya hivyo anatakiwa, kwa mantiki hiyohiyo, kuandika kuwa "mbao" katika "nyumba ya mbao" ni kivumishi, na hakuna anayefanya hivyo.

Hata hivyo kiunganifu chenyewe si kipimo cha unomino. Hufuatwa na vielezi pia: chakula cha jana, safari ya haraka, mstari wa kombo. Kutokea baada ya "-a" kunaonesha tu kwamba neno si kivumishi chenye kiambishi cha ngeli. Ili kujua kama ni nomino au kielezi, hapana budi kulijaribu kwa vioneshi na wingi: "duara hili", "maduara haya" hukubalika, "*benibeni hizi" haikubaliki.

Jambo tete zaidi ni kuachwa kwa kiunganifu. Husemwa meza ya duara na meza duara, mistari iliyo sambamba na mistari sambamba. Vitabu vya Hisabati na vya Sayansi vimeupenda muundo huu mfupi: mche duara, pembe mraba, minyoo bapa. Muundo wa nomino kufuatwa na nomino si mgeni katika lugha. Upo katika "askari kanzu" na "bata mzinga". Nomino ya pili huvumisha, na haichukui wingi inapovumisha. Ndiyo maana wingi wa "mche duara" ni "miche duara".

Mfano wenye uzito zaidi katika kundi hili ni "pembetatu mraba". Kwa anayeujua mraba kuwa ni umbo la pande nne zilizo sawa, usemi huu unajipinga wenyewe: umbo la pembe tatu haliwezi kuwa umbo la pembe nne. Lakini hakuna mwanafunzi wa Hisabati anayebabaika, kwa kuwa "mraba" hapo halitaji umbo la pande nne. Linataja pembe ya nyuzi 90, maana ambayo limeipata kupitia "pembe mraba", yaani pembe kama ile ya mraba. Neno limeacha maana yake ya kinomino na kubaki na sifa moja tu ya kitu hicho. Hapa pana sababu ya kweli ya kusema kuwa limevuka na kuwa kivumishi kisichobeba kiambishi, tofauti na "mraba" katika "chumba cha mraba", ambamo umbo zima bado linatajwa. Mabadiliko ya maana yanayoandamana na nafasi mpya ndiyo ushahidi bora wa uhamisho wa kategoria. Nafasi peke yake haitoshi.

"Kilomita za mraba" nazo zimekwenda mbali na umbo. Wilaya yenye kilomita za mraba mia tano inaweza kuwa na mipaka iliyopindapinda kama mto. Lakini hapa kiunganifu kimebaki, na unomino wa "mraba" haujaguswa: kinachohesabiwa ni miraba ambayo kila upande wake ni kilomita moja.

"Pembetatu" lenyewe limepita njia nyingine, ya kuunganisha nomino na idadi. Tofauti kati ya neno moja na kirai haionekani katika matamshi, nayo mara nyingi hupotea katika maandishi ya magazeti. Upatanisho ndio unaoirudisha.

(4) a. Pembe tatu hizi zimepimwa.
b. Pembetatu hii imepimwa.
c. Pembetatu tatu hizi zimepimwa.

Katika (4a) vinavyotajwa ni vitu vitatu. Katika (4b) ni kitu kimoja. Sentensi (4c) isingewezekana kama "tatu" ya kwanza ingekuwa bado ni kivumishi cha idadi. Uandishi wa kutenganisha maneno katika (4b) si suala la mtindo, kwani unabadilisha uchanganuzi.

6.0 Maneno yanayoeleza namna na mkao

Kundi la "wima", "kombo", "pogo", "tenge", "mshazari" na "benibeni" hutumika zaidi pamoja na vitenzi: simama wima, kwenda kombo, kukata kitambaa mshazari. Kwa kazi hiyo ni vielezi. Hata hivyo ndani ya kundi hili kuna viwango. "Benibeni" na "tenge" havina maisha nje ya uelezi. "Wima" lina asili ya nomino: ni "u-" pamoja na mzizi wa kitenzi cha kale "ima", kusimama, na fundi mwashi bado anaweza kuupima wima wa ukuta kwa timazi. Linapofuata nomino, kama katika "mstari wima" au "mstari wa wima", hufanya kazi ya kuvumisha. Neno moja limeshika nafasi tatu, na hakuna kiambishi hata kimoja kilichobadilika.

"Kombo" limepiga hatua ya kimaana. Mambo yanayokwenda kombo hayana sura ya kupimwa kwa rula. Hali ni hiyohiyo kwa "mtu mnyofu" na "uso mkunjufu": Kiswahili kimezoea kuzungumzia tabia kwa lugha ya mistari na mikunjo. Maana hizi za kisitiari hazibadilishi aina ya neno, na kamusi hufanya vyema kuziweka chini ya kidahizo kilekile.

Kiambishi "ki-" huzalisha vielezi kutokana na nomino za maumbo: kukaa kiduara, kukunja mikono kimsalaba. Lakini "ki-" ni kiambishi cha udogo pia. Ndipo "kiduara" linapokuwa maneno mawili: katika "Kiduara kile kimefutika" ni nomino inayotawala "kile" na "ki-" ya kitenzi, katika "Watoto wamekaa kiduara" halitawali chochote. Wasemaji wengine huacha kiambishi na kusema "wamekaa duara". Hapo nomino tupu imeshika nafasi ya kielezi, kama "njia" katika "kwenda njia".

"Sambamba" ndilo neno lililosafiri zaidi. Ni kielezi katika "walitembea sambamba", kivumishi katika "mistari sambamba", na pamoja na "na" hufanya kazi karibu na ya kihusishi katika "sambamba na hilo", usemi unaopendwa mno na watoa hotuba. Wanahisabati walipohitaji jina la umbo la pande nne ambazo zile zinazokabiliana ni sambamba, waliongeza kiambishi na kupata "msambamba", wingi misambamba. Linganisha na mraba. Neno lililoingia na "m-" yake lilipewa ngeli bila kuombwa. Lililokuwa halina "m-" lilivishwa ili liwe jina la umbo. Njia mbili zinazotofautiana zimefika mahali pamoja, nayo ni ishara kuwa ngeli ya m-/mi- imekuwa makao ya majina ya maumbo ya kijiometri: mraba, mstatili, mviringo, mduara, msambamba, mche. Kuwapo kwa "mduara" kando ya "duara", pasipo tofauti kubwa ya maana, kunaweza kuelezwa kwa mvuto huohuo.

Si kila neno lenye nafasi mbili limehama. "Pia" ni jina la kichezeo cha watoto na la umbo lenye kitako cha mviringo na ncha moja. Ni pia ya goti vilevile. "Pia" ya "yeye pia amekuja" haina uhusiano wa maana na hiyo. Hizo ni homonimu, na zinastahili vidahizo viwili, ilhali "sambamba" linastahili kimoja chenye vifungu.

7.0 Maumbo yanayopimia na kukuza

Yapo maneno ya maumbo ambayo kazi yake ni kukata sehemu ya kitu kisichohesabika: tonge la ugali, donge la damu, tone la maji, mche wa sabuni. Haya ni nomino zinazotawala, na kinachofuata ndicho kinachofafanua. Kati yake, "bonge" limechukua mkondo wake. Katika "bonge la udongo" linataja umbo. Katika "bonge la nyumba" na "bonge la mechi" halitaji umbo. Linatoa tathmini ya ukubwa au ubora. Upatanisho unaonesha mabadiliko hayo. "Bonge la udongo limeanguka" hufuata ngeli ya "bonge", lakini msemaji husema "Bonge la mtu ameingia", kitenzi kikifuata "mtu". Kisarufi "la" bado linamtambua "bonge" kuwa mkuu wa kirai, ilhali kitenzi kimekwisha kumhamishia ukuu "mtu". Kirai kimoja kinatoa majibu mawili, na mchanganuzi anayelazimisha jibu moja atapotosha nusu ya data. Matumizi haya ni ya mazungumzo zaidi kuliko ya maandishi rasmi, lakini kamusi inayoyaacha itakuwa imeacha maana inayosikika kila siku.

8.0 Namna ya kuyaingiza katika kamusi

Kwa misingi iliyotangulia, kidahizo "mraba" kinastahili kuanza na nm, wingi mi-, kikiwa na mifano "chumba cha mraba" na "kilomita za mraba" chini ya unomino huo, na nahau "wa miraba minne". Kifungu cha pili kiwe kv, kisichobeba kiambishi, chenye maana ya nyuzi 90 pekee, na mifano "pembe mraba" na "pembetatu mraba". Kidahizo "duara" kibaki nm, na "meza duara" itajwe kama mfano wa nomino inayovumisha, bila kufunguliwa kifungu cha kv, kwa kuwa maana yake haijabadilika. "Bapa" ni la katikati. Lipo kama nomino katika "bapa la upanga", na katika "minyoo bapa" au "jiwe bapa" hutaja ubapa wa kitu kizima, si sehemu yake. Mabadiliko hayo ya maana yanatosha kulipa kifungu cha kv. "Sambamba" lipewe kl na kv, kisha "sambamba na" iorodheshwe kama usemi, na "msambamba" kiwe kidahizo kinachojitegemea.

Katika utahini, swali la "Meza duara imevunjika" linaweza kuulizwa kwa haki iwapo litatenganishwa: "duara" ni neno la aina gani, na linafanya kazi gani katika sentensi hii? Mwanafunzi anayejibu "nomino" kwa sehemu ya kwanza na "kuvumisha meza" kwa sehemu ya pili apewe alama zote, na yule aliyeandika "kivumishi" peke yake apewe za sehemu ya pili.